Bakteria Mgongoni mwa Mama Mdogo

Mama mdogo alianza kutafuna upande mmoja siku ya Jumanne, na nakumbuka kwa sababu nilihesabu. Kila tonge la lituma lilikwenda kushoto, likazungushwa kushoto, likamezwa kutoka kushoto. Upande wa kulia ulikaa kimya kama chumba cha mgeni. Lituma ni ndizi zilizochemshwa zikatwangwa mpaka zikalainika. Hata mtoto asiye na jino hulimeza bila shida. Mtu mzima akianza kulikwepa lituma, jambo limefika mbali.

Nilivumilia siku nne. Ya tano nikamwuliza.

"Tantine, jino inauma?"

"Jino gani?"

"La kulia, chini. Nadhani la pili kutoka mwisho."

Akaacha kutafuna. "Mutoto ya dada yangu, benzako bakimaliza université banatafuta kazi. Weye unatafuta meno ya batu."

Hakukosea. Nilikuwa nimemaliza biolojia miezi minane kabla ya hapo, nikapeleka barua za kuomba kazi kila mahali penye mlango, na tangu hapo kazi yangu ilikuwa kuzifikiria zile barua. Katika moja nilikuwa nimeandika tarehe ya jana yake. Katika nyingine nilimshukuru mkurugenzi mara tatu kwenye ukurasa mmoja, na niliogopa atadhani namcheka. Majibu hayakuja. Macho yangu yalikosa pa kukaa, yakakaa kwenye shavu la mama mdogo.

Nilikuwa nikiishi kwake, mtaa wa Mangobo, tangu mwaka wa kwanza wa chuo. Mama yangu yuko Kindu, na huyu ndiye mdogo wake anayemfuata. Nyuma ya nyumba, chini ya bati, alikuwa na kinu chake cha pekee ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukigusa, kwa sababu humo alitwanga dawa ya meno. Alianza na majani ya lumba-lumba, yale yenye harufu kali tunayotia pia kwenye mchuzi wa samaki. Akaongeza gome ambalo binamu yake alimtumia kwa mashua kutoka Yangambi, chumvi, majivu ya maganda ya ndizi, na karafuu nyingi alizonunua kwa mzee mmoja wa Maniema pale sokoni. Kilichotoka kilikuwa uji mzito wa kijani uliowasha. Ukipiga mswaki nao, ulimi ulilala kama mguu uliokaliwa.

Dawa hiyo ilitumiwa na mama wote wa kikundi chake cha maombi. Kila Alhamisi walikuja na vichupa vitupu vya mayonezi, wakaimba, wakaomba, wakaondoka na vichupa vilivyojaa. Hakuuza. Mmoja angeacha fungu la sombe, yale majani ya muhogo, mwingine asiache kitu. Alichopata mama mdogo ni kwamba akipita Jumapili mbele ya kanisa, wote walimchekea kwa meno, na yeye aliyatazama yale meno kama mtu anayetazama shamba lake.

Mimi, naungama, nilikuwa na dawa yangu ya dukani, ile yenye picha ya jani kwenye boksi, iliyoandikwa kwamba ina nguvu za mimea kumi. Niliificha ndani ya soksi.

Shavu likavimba. Si sana, mtu asiyehesabu asingeona. Mimi nilikuwa nimeshasoma juu ya meno yaliyooza kuliko inavyomfaa mtu kusoma katika alasiri moja. Nilijua sasa kwamba usaha unaweza kushuka kutoka kwenye taya hadi shingoni, na kutoka shingoni mpaka mahali ambapo sikutaka kuendelea kusoma lakini niliendelea. Mama mdogo akikohoa, nilisimama. Akinyamaza, nilisimama pia.

"Tantine, twende kwa dentiste."

Alitazama dirisha kwanza, kana kwamba lilikuwa na masikio. "Mimi? Mimi mwenye dawa ya meno, nionekane kwa dentiste? Batasema nini? Batasema dawa imeoza pamoja na mwenyewe."

"Hakuna atakayesema."

"Batasema. Mimi pia ningesema." Akaweka mkono shavuni, akautoa upesi. "Na dawa inasaidia. Nikipaka, maumivu inakufa."

"Hiyo ni karafuu, tantine. Inalaza tu maumivu. Bakteria wako ndani wanaendelea na kazi."

"Umewaona?"

"Hawaonekani kwa macho."

"Bon. Donc hakuna mwenye amewaona." Akanyoosha kidole. "Weye si ulisoma miaka tano bidudu bya kutoonekana? Bilete hapa. Bipigane na dawa yangu, nione kwa macho yangu. Dawa ikishindwa, siku ile ile naenda kwa dentiste na miguu yangu. Ikishinda, utafunga kinywa juu ya jino yangu, na utapiga muswaki na dawa yangu mpaka siku utaoa."

Nilikubali kabla hajamaliza. Lilikuwa jambo la kwanza mwaka ule nililolikubali bila kulala nalo. Ilionekana rahisi: majani yaliyotwangwa nyuma ya nyumba, dhidi ya viumbe vilivyokuwepo duniani kabla ya majani. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, nilikuwa upande wa bakteria.

Papa, mzee anayetunza maabara ya kitivo chetu, alinikumbuka. Aliniambia ananikumbuka kwa sababu nilikuwa narudi mara tatu kuhakikisha nimezima taa ya gesi. Akanipa visahani vitatu vya plastiki vyenye chakula cha bakteria, kitu kama jeli yenye rangi ya chai hafifu. Unapaka mate juu yake, unaweka katika joto siku nzima, na kila bakteria aliyekuwa mmoja anakuwa mji mdogo unaoonekana kwa macho. Ukiweka juu ya ile jeli kijikaratasi chenye dawa, na dawa ikawa na nguvu, unapata duara safi kukizunguka, mahali ambapo hakuna kilichoota. Duara likiwa pana, dawa imefanya kazi.

Nilimweleza mama mdogo yote hayo jioni. Asubuhi alitokea akiwa amevaa kikwembe, kitenge chake cha sikukuu, amejipaka mafuta, akakaa kwenye kiti na kufungua kinywa kwa fahari. Kulikuwa na harufu ya karafuu, limau na kitu kingine.

"Tantine, umepiga mswaki?"

"Mara ine. Na nikasukutua na maji ya chumvi. Na kidogo lutuku, ile pombe ya mahindi, ya kuua harufu."

"Lakini nilisema usipige! Nilihitaji bakteria!"

Alinitazama kama mtu aliyeombwa avue nguo barabarani. "Mutu anakuambia kesho nitaangalia ndani ya kinywa yako, na weye unamuletea kinywa ya usingizi? Mama yako alikufundisha hivyo? Dada yangu hakufundisha hivyo."

Kwa kweli hakunifundisha hivyo. Katika familia yetu hakuna anayejibu salamu ya asubuhi kabla ya kusukutua. Ukikutana na mtu uani, unainua mkono, unapita, unakwenda kwenye maji kwanza. Hata baba yangu na ukali wake wote huinua mkono. Nilikuwa nimepanga jaribio langu kama mtu aliyezaliwa katika ukoo mwingine. Nilipaka kisahani cha kwanza hata hivyo, nikakipeleka maabara kwenye kabati la joto, na kesho yake palikuwa na vidoa vichache tu, vimetawanyika kama watu waliokuja mapema kwenye mkutano.

"Alors?" aliuliza mama mdogo.

"Hakuna wa kupigana naye."

"Si nilikuambia?"

Kumshawishi arudie bila kupiga mswaki kulichukua siku mbili, na alitoa masharti. Pazia lishushwe. Mimi mwenyewe pia nisipige mswaki. Nigeukie ukutani mpaka nitakapoitwa. Baada ya hapo neno hilo lisitajwe tena, hata kwenye mazishi yake.

Basi Jumanne iliyofuata tulikaa wawili katika giza la pazia, kila mmoja akiwa ameficha mdomo, tukisubiri maji niliyokuwa nachemsha yapoe. Wakati huo mlango ukagongwa. Alikuwa rafiki yake mkubwa, mama anayeongoza nyimbo za kikundi, na kichupa kitupu mkononi.

"Mama, hodi! Dawa imeniishia."

Mama mdogo alijifunika mdomo kwa ncha ya kikwembe, akafungua pazia kidogo, akaonyesha vidole: Alhamisi.

"Iko nini? Hausemi?"

Mama mdogo akatikisa kichwa.

"Ah! Uko mu kufunga?"

Akakubali kwa kichwa. Nilimwona akiomba msamaha kwa Mungu kwa macho.

"Kufunga ya kimya?" Rafiki naye akaziba mdomo wake kwa kiganja, akasema nyuma ya kiganja, "Mungu akusikie, dada," akaondoka kwa kunyata. Nilidhani ni heshima. Ilipofika saa sita mchana, mama sita mtaani walikuwa wamefunga kimya kumuunga mkono.

Nilichukua bakteria kwa kijiti chenye pamba, kutoka kwenye jino lenyewe. Shimo lilikuwa kubwa kuliko nilivyoogopa, na mimi huogopa vikubwa. Punje ya mchele ingelala humo bila kujikunja. Nilipaka visahani vyote viwili vilivyobaki. Vijikaratasi nilikuwa nimevitoboa kwa mashine ya kutobolea karatasi za ofisini, nikavipitisha kwenye mvuke. Kila kisahani kilipata vinne: kimoja chenye dawa ya mama mdogo, kimoja chenye dawa nyeupe ya kawaida ya dukani, kimoja chenye maji yaliyochemshwa, na kimoja chenye ile dawa ya jani.

"Hii ya jani umeitoa wapi?" aliuliza kupitia kikwembe.

"Nimenunua kwa ajili ya jaribio."

Aliinua tyubu, akaiminya. "Iko nusu, papa."

Nilijishughulisha sana na vijikaratasi.

Nilifunga visahani kwa utepe, nikazungusha mara tatu, kisha mara ya nne kwa ajili ya ile ya tatu, nikampigia simu papa wa maabara. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, akasema, na kabati la joto lilikuwa baridi kama jiwe. Nikaanza kuzunguka chumba. Bakteria walikuwa wameshapakwa. Visahani vilikuwa vya mwisho. Nikafikiria jiko, lakini jiko lingewapika. Nikafikiria kuku wa jirani anayelalia mayai, lakini vipi akivitoboa?

"Banataka joto ngapi?" aliuliza mama mdogo. Alikuwa ameshasukutua na alikuwa mtu tena.

"Thelathini na saba."

"Trente-sept? Si ile ya mutoto muzima?"

Kabla sijajibu alivichukua visahani, akavizungusha taulo, akainama, akaviweka mgongoni, akazungusha kikwembe na kufunga fundo mbele kwa mikono iliyokwisha kufunga fundo hilo mara elfu. Akajirusha kidogo ili vikae vizuri.

"Hapa hapa ulilala weye," akasema. "Na ulikuwa nzito kushinda hii."

Akaenda kuosha vyombo.

Nilimfuata siku nzima. Visahani hutakiwa kulala kifudifudi, maji yasidondoke juu ya jeli, na kila alipoinama nilipiga hesabu ya upande gani ni wa juu.

"Tantine, usiiname sana."

"Weye nilikubeba nikilima. Uliharibika?"

Nikajichunguza kwanza kabla ya kuendelea kumfuata.

Jirani alichungulia juu ya ua. "Mama, umepata mutoto?"

"Si yangu. Iko ya huyu," akasema mama mdogo, akanionyesha kwa mdomo.

Jioni tonton, mzee wa nyumba ya pili, fundi baiskeli ambaye kwa kawaida hanisalimu, alikuja kunishika mkono. "Félicitations, kijana. Iko muke ao mwanaume?"

"Ni bakteria, tonton."

Aliuangalia mkono wangu, bado ndani ya wake. "Mungu atasaidia," akasema mwishoni. Kesho yake nilisikia kwamba mama wa mtoto amenikimbia, na kwamba nina haki ya kuchanganyikiwa.

Lakini lililonishangaza ni mama mdogo. Alianza safari ile kama mtu aliyebeba maadui. Baada ya chakula nikamsikia akiwapigapiga taratibu alipokohoa. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Bamelala?" Na alipokuwa anachambua sombe, nilimsikia akiwaambia kwamba dawa inawasha mwanzoni tu. Alilala kifudifudi, wao juu yake, bila kuvua fundo.

Jumatano asubuhi tulifungua taulo mezani, sote wawili tukiwa tumepiga mswaki kwa bidii.

Niliona kabla sijataka kuona. Jeli ilikuwa imefunikwa na ukungu mweupe kutoka ukingo hadi ukingo, mji juu ya mji. Kuzunguka karatasi ya maji hapakuwa na kitu. Bakteria walikuwa wameipanda kama ngazi. Kuzunguka ile ya jani, ya mimea kumi, palikuwa na kijiduara chembamba kama uzi, ambacho mtu mwenye roho nzuri tu angekiona. Dawa nyeupe ya dukani ilikuwa na duara zuri. Na kuzunguka dawa ya mama mdogo palikuwa na uwanja, safi, mpana kuliko kucha ya kidole gumba, umechongwa kama kwa bikari.

Nilipima kwa rula. Nikapima kisahani cha pili. Kilikuwa vilevile. Nikapima tena kuanzia upande mwingine. Nilitafuta njia ya kuwaokoa bakteria: labda nilipaka dawa yake nyingi zaidi, labda upande ule ulipata baridi, labda karatasi ile niliitoboa vibaya. Visahani viwili, matokeo yaleyale, na wao wenyewe wakiwa wamekulia mgongoni mwake.

"Imeshinda?" akauliza.

Nilikuwa nimeuona uongo tangu mbali, ukija na kila kitu chake. Ningesema imeshindwa. Angekwenda, jino lingetolewa, shingo yake ingepona. Halafu angerudi na kukiegemeza kile kinu ukutani, na Alhamisi mama wangekuja na vichupa vitupu na kuondoka navyo vitupu, kwa sababu ya jambo lisilo kweli ambalo mimi peke yangu ningelijua, na mimi si mtu wa kuachiwa jambo la kujua peke yangu.

"Imeshinda, tantine."

Nilitegemea apige vigelegele. Alisema tu "Ah," akagusa shavu lake. Nimeifikiria sana ile "Ah" tangu siku hiyo. Wakati ule niliandika kwenye daftari kwamba ni furaha.

"Lakini sikiliza," nikasema. "Dawa inaua inapofika. Hapa imekaa juu yao siku nzima. Kinywani inakaa dakika mbili, unatema. Na ndani ya lile shimo mswaki hauingii, dawa haifiki kabisa. Wale walioko chini huko—"

"Tulipatana nini?"

"Nifunge kinywa."

"Alors, funga."

Nikafunga. Alikula chakula cha mchana kwa upande wa kushoto, mshindi.

Alhamisi alipanga visahani kwenye sinia, juu ya kitambaa chake cha kusuka, na baada ya maombi akawaita mama wote karibu. Walikuwa tisa. Mimi niliitwa nisimame pembeni kama ushahidi. Mama mdogo alieleza vizuri kuliko mwalimu wangu yeyote. Hii ni maji, munaona, haina kazi. Hii ya jani, batu ya diplôme banaificha mu soksi, angalia yenyewe. Hii ya duka iko sawa. Na hii sasa. Akainua sinia. Mama walinyoosha shingo, kisha wakapiga makofi, wengine kwa vichupa. Mmoja alitaka kubusu sinia.

Rafiki yake, yule anayeongoza nyimbo, aliinama akatazama kwa karibu, kiganja mdomoni kama kawaida yake siku zile. "Dada, na hii meupe-meupe yote imejaa pembeni?"

"Ndiyo mikrobe yenyewe."

"Imetoka wapi?"

"Mu kinywa."

"Kinywa ya nani?"

Ukimya uliofuata ulikuwa wa kufunga kweli. Mama mdogo hakuwa ameona hilo linakuja, na mimi, ninayeona mambo yote yanakuja hata yasiyokuja, sikuwa nimeliona pia. Sinia lile lililoonyesha nguvu ya dawa yake lilionyesha pia kila kilichokuwa kinaishi mdomoni mwa mwenye dawa.

"Ni ya huyu kijana?" mama mwingine akauliza.

Wote wakanigeukia. Nilifunga kinywa, kama tulivyopatana. Kufunga kwangu kinywa kulionekana kama kuungama.

"Eh! Maskini," akasema mmoja. "Kijana hivi, na kinywa iko tayari pori."

"Ndiyo maana muke alikimbia," akasema mwingine, kwa upole.

Nilikuwa tayari kuibeba aibu hiyo. Nilishahesabu wangapi kati yao wangeniona Jumapili, na kama ningeweza kubadilisha misa. Lakini mama mdogo alikuwa ananitazama, na uso wake ulibadilika kama siku ile alipovifunga visahani mgongoni.

"Hapana," akasema. "Si yake. Mumuache. Ni yangu." Akavuta shavu kwa kidole, akafungua kinywa mbele ya watu tisa. "Jino iko na shimo. Hapa. Inauma sasa wiki tatu. Siku ile sikuwa nafunga. Nilikuwa sijasukutua."

Hakuna aliyecheka. Alisubiri wacheke, niliona mabega yake yakisubiri.

Rafiki yake akateremsha kiganja polepole. Kisha akacheka kwa kinywa wazi, cheko la kuonyesha tu, na upande wa juu palikuwa na pengo jipya, la waridi, kubwa kama mlango.

"Mwezi uliopita," akasema. "Nilivuka maji, nikaenda kutolea Lubunga, weye usisikie."

"Lubunga?" Mama mdogo alikuwa ameshika kiti. "Ulivuka mto juu ya jino?"

"Ningekuambia nini? Dawa yako iko muzuri. Jino ilikuwa imeoza mbele sijajua dawa yako. Lakini nilisema, nikionekana kwa dentiste hapa, batu batamuchekelea dada yangu."

"Mimi Yanonge," ikasema sauti nyuma.

Sote tukageuka. Alikuwa mama mfupi anayeuza mkaa, mtu asiyesema kitu kwa kawaida.

"Yanonge?" akasema mama mdogo. "Ulisema unaenda kununua samaki!"

"Nilinunua pia."

"Ulituletea hata!"

"Sasa ningerudi mikono tupu?"

Hapo ndipo walipocheka, na mama mdogo akacheka zaidi ya wote, ameshika shavu, analia kwa maumivu na anacheka. Walianza kuulizana maswali ambayo inaonekana yalikuwa yanangoja muda mrefu. Nani alitumia sindano, nani alitolewa bila sindano. Mmoja alimweleza mama mdogo kwamba ni kama kung'oa muhogo katika udongo mkavu, na akakanyagwa mguu na jirani yake.

Ijumaa tulikwenda, mimi, yeye na rafiki yake, hapa hapa mjini, kwa miguu, tukipita barabara kubwa ambako kila mtu hutuona. Alikuwa amepiga mswaki mara nne. Ndani ya mkoba alibeba kisahani kimoja, kimezungushiwa taulo, na daktari wa meno, dada mmoja kijana mwenye miwani, alipomwambia afungue kinywa, mama mdogo alikataa mpaka daktari kwanza atazame kisahani.

Dada yule alikitazama kweli, akakigeuza kwenye mwanga. "Ni nani amefanya hii?"

"Dawa ni mimi. Joto ni mimi. Huyu alipima," akasema mama mdogo.

Kisha akafungua kinywa, nami nikashika ukingo wa kiti kana kwamba mimi ndiye. Daktari alipita na kioo chake kidogo, jino kwa jino, bila haraka.

"Kinywa ni safi, mama. Ufizi ni mzuri, wengi wangeutamani. Endelea na dawa yako. Lakini hili moja dawa ya kupaka haiwezi kulifikia tena, na hata ingelifika, jino limeshakufa. Lazima litoke."

Mama mdogo alinigeukia. Alikuwa ameshika kwa nguvu mikono ya rafiki yake, na bado aliniinulia nyusi: umesikia? Ni safi.

Lilitoka. Sitasimulia jinsi lilivyotoka, kwa kuwa nilikuwa nimetoka nje kuhakikisha kwamba nje kuko salama. Alipofika mlangoni alikuwa na pamba shavuni na bahasha ndogo mkononi, na alitembea mpaka nyumbani bila kusema, akiwainulia mkono wote waliomsalimu.

Nyumbani hakulala kama alivyoambiwa. Alikwenda nyuma ya nyumba, chini ya bati, akachukua kichupa cha dawa kilichojaa. Alifungua bahasha, akalishika jino kwa vidole viwili, akaligeuza shimo likaangalia juu. Kisha kwa kijiti cha kibiriti akachota dawa ya kijani, akaisukuma ndani ya shimo, polepole, mpaka ikajaa, akalizamisha jino zima ndani ya kichupa na kufunga kifuniko.

Ile dawa yangu ya jani sikuiona tena kwenye soksi. Anaitumia kung'arishia viatu vyake vyeupe vya kanisani, na anasema kwa kazi hiyo mimea yote kumi inafanya kazi. Mimi napiga mswaki kwa dawa ya kijani kila asubuhi, kama tulivyopatana, na ulimi wangu umezoea kulala.

Siku ile aliniwekea kichupa mezani, mbele yangu, akatoa pamba kinywani ili aweze kusema.

"Bon," akasema, upande mmoja wa mdomo ukiwa bado umekufa ganzi. "Sasa inafika. Uende kwa ule papa wa maabara, akupe kisahani ingine."

Akashika ncha mbili za kikwembe, akapima urefu, akaanza kunyoosha mgongo.